Siku Baba Aliponipeleka Sinema

Mdogo wangu Waceke alikipaka rangi chumba cha Baba kabla hajatuuliza. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba yake huko Karen, kina bafu lake, na dirisha linatazama bustani ambayo kuna mtu analipwa kuikata nyasi. Alinipeleka kukiona Jumapili moja ya mwaka wa 2006, tulipotoka kanisani. Nilikisifu, maana kilistahili sifa. Kisha nikamwambia Baba hatoki Riruta, na kama chumba kimemzidi basi afugie kuku.

Hivyo ndivyo nilivyo. Nina duka la nafaka kando ya Barabara ya Naivasha, na wateja wangu wanajua kwamba ukisema ndengu zangu zina wadudu utajibiwa palepale. Lakini siku ile sikuwa nikitetea ndengu. Nilikuwa nikimtetea Mzee Mungai wa Kihara, baba yetu, abaki katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, ambamo mama yetu Njambi alifia na ambamo yeye naye alitaka kufia. Alilisema hilo wazi siku tuliyomzika Mama, na mimi nikampa neno langu.

Baba hakuwa mtu mkubwa, ila mji ulimjua. Alifanya kazi katika sinema moja katikati ya Nairobi tangu mwaka wa sitini na moja mpaka ilipofungwa, na kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu viti vyao gizani. Alikuwa na tochi, koti jeusi na tai. Alituambia kazi ile haikuwa kushika tochi, ilikuwa kuwajua binadamu. Wachumba wapya uwapeleke nyuma kabisa. Wazee uwaweke mwisho wa safu ili wasiwaruke wenzao wakienda msalani. Mwenye kikohozi umketishe karibu na mlango, lakini asijue kwamba ni kwa sababu ya kikohozi. Na tochi usimmulike mtu usoni hata awe mwizi. Mulika sakafu mbele ya mguu wake. Kwa kazi hiyo alinunua ploti Riruta, enzi hizo kule ni mahindi na vyura tu, akajenga chumba kimoja kimoja mpaka tukapata wapangaji. Sinema ilipofungwa alirudi nyumbani na tai yake, akaendelea kuivaa kila asubuhi, hata akienda tu kumwagilia sukumawiki.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo sina budi kulieleza. Sisi Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Mimi ni Wanjiku, majirani wananiita Shiko, kwa sababu nyanya aliyemzaa Baba aliitwa Wanjiku. Na kwa kuwa nimebeba jina lake, Baba hakuwahi kuniita Wanjiku wala Shiko. Tangu nikiwa mchanga aliniita Maitu, yaani mama. Wala si mzaha, ni heshima. Nilipovunja kikombe na Mama akashika mwiko, Baba alikuwa akimwuliza, kwa upole kabisa, kama kweli atampiga mama mkwe wake. Mwiko unarudi mahali pake. Waceke, aliyebeba jina la nyanya wa upande wa pili, aliitwa Waceke na akachapwa kama watoto wengine, na mpaka leo hajanisamehe.

Mwaka ule Baba alikuwa ameanza kusahau. Sikatai. Alikuwa akiweka miwani kwenye sufuria na kunishtaki kwa wizi. Lakini kisa kilichomfanya Waceke anunue rangi kilikuwa cha maziwa. Baba alitoka asubuhi kwenda kibandani kununua maziwa, mahali ambapo ukipiga chafya ukiwa nyumbani mwuzaji anakusikia, na karibu saa sita jirani yetu Mwanzia, dereva wa teksi, akamkuta Dagoretti Corner, ameketi kituoni na tai yake, pakiti ya maziwa magotini. Mwanzia akamleta nyumbani. Baba akasema alikuwa akipunga hewa, na mimi nikasema mtu mzima ana haki ya kupunga hewa.

"Shiko, Baba hanijui," Waceke aliniambia siku ile, tukiwa bado mlangoni pa chumba kipya. "Wiki jana ameniuliza kama nimekuja kuangalia nyumba ya kupanga. Ati nilete rent ya mwezi moja na deposit."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ungekuwa unakuja kumwona, hangekudhania mpangaji," nikamwambia. "Mimi ananijua. Kila asubuhi ananiita Maitu."

Waceke akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu kwamba uzee si maradhi, na kama ni maradhi basi hata yeye anayo, nimeona mvi zake. Tuliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukaafikiana: nimpeleke Baba mjini siku nzima, kwenye sehemu zake za zamani. Akizitambua, atabaki Riruta na Waceke atanisaidia kupata mtu wa kumwangalia nikiwa dukani. Akishindwa, atahamia Karen na mimi sitasema neno tena. Nilikubali upesi, maana nilijua nimeshinda. Mtu hasahau mahali alipomalizia ujana wake.

Tulikwenda Alhamisi. Baba alijipaka mafuta, akapiga viatu rangi, akachagua tai nyekundu. Nilipomwambia tunakwenda mjini alifurahi sana, akanishika mkono na kusema, "Leo nitakuonyesha mji, Maitu." Hilo nikalihesabu kama bao la kwanza.

Na kweli, tuliposhuka kwenye basi, hakuwa tena mzee wa kuweka miwani kwenye sufuria. Mgongo ulinyooka. Mimi ndiye niliyejiandaa kumwongoza, lakini yeye ndiye aliyeniongoza, kanishika mkono imara, na kila tulipofika kwenye kivuko ananiambia nisikanyage barabara mpaka anikubalie, kwa kuwa magari ya huku hayana huruma. Barabara ya Tom Mboya aliiita Victoria Street, na Moi Avenue aliiita Government Road. Sikuona ubaya, wazee wote wa rika lake huita hivyo, na ukiwasahihisha wanakutazama kama wewe ndiye uliyebadilisha.

Alinipeleka City Market. Alijua mlango wa maua, akajua upande wa nyama, akanionyesha mahali ambapo siku ya mshahara alimnunulia Mama maua yaliyoanza kunyauka, ambayo Mama alimwuliza kama yanapikwa na vitunguu au bila. Tulipofika kwa wauza samaki alinivuta kando kidogo.

"Usiogope, Maitu," akasema. "Wale ni samaki, si nyoka. Watu wa kule ziwani huwala."

Nilicheka mpaka mwuza samaki akatabasamu. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki, na nyumbani kwetu utani huo haukuisha. Nikajiambia, mtu anayeweza kutania hivi amesahau nini?

Kutoka hapo tukashuka River Road, kwenye hoteli ndogo ambamo yeye na wenzake walikuwa wakinywa chai kabla ya onyesho la jioni. Wenye hoteli walikwisha kubadilika na meza pia, ila nguzo ya katikati ilikuwa palepale, na Baba akaenda moja kwa moja kwenye meza iliyojificha nyuma yake, kwa sababu, alisema, hapo bwana mkubwa wa sinema hakuweza kukuona akipita. Aliniagizia chai na mandazi. Alimwomba mhudumu kikombe cha pili, akanipozea chai kwa kuimimina huku na huku, kisha akaanza kuyakatakata mandazi yangu vipande vidogo vidogo na kunisogezea. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, na meno yangu yote. Sikumzuia. Tangu Mama afe mimi ndiye ninayempikia kila mtu, na sikukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alinikatia chakula.

Tukapumzika kwenye bustani ya Jeevanjee. Baba alipokuwa akimsikiliza mhubiri wa pale, nikamtumia Waceke ujumbe kwa simu: Anajua kila mahali. Nunua kuku. Akanijibu kwamba amefurahi sana. Nilitaka abishe kidogo, lakini hakubisha.

Ilibaki sinema. Hapo niliogopa, kwa kuwa ile sinema sasa ni kanisa, kama zilivyo nyingine nyingi mjini, na Baba hakuwa amefika huko tangu ilipofungwa. Nilikuwa nimepanga tuitazame tu kutoka ng'ambo ya barabara. Tulipofika, wafanyakazi wa maofisini walikuwa wakiingia kwa ibada ya saa ya chakula, na juu ya mlango, mahali palipokuwa na picha za wacheza filamu, palikuwa na bango la mchungaji na mkewe. Baba alilitazama bango. Akanyoosha tai. Akasema tumechelewa, tukavuka.

Mlangoni alisimama mama mmoja wa makamo, ana beji ya jina, Rachael, na lafudhi ya Kiluhya. Alitukaribisha kwa jina la Bwana. Baba alimpa mkono akamwuliza nani yuko zamu ndani leo. Rachael, ambaye nadhani alimwona mtu mwenye tai akamfikiria mzee wa kanisa, akasema ndani ni mwenzake lakini hajafika.

"Basi nitashika mimi," Baba akasema, akapita.

Nilipomfikia alikuwa amesimama mwanzo wa njia ya katikati, mkono mmoja nyuma, mwingine umeshika kitu ambacho hakikuwepo, kidole gumba juu yake. Watu walikuwa wakiingia mbiombio, wengine bado wanatafuna. Aliwapokea mmoja mmoja kwa kuinamisha kichwa. Kijana na msichana walioachiana mikono mlangoni kwa ajili ya Yesu aliwapeleka nyuma kabisa. Mama mzee mwenye mkongojo akamweka mwisho wa safu. Bwana mmoja akakohoa, na Baba akampa kiti kando ya mlango kwa heshima kubwa, utadhani ndicho kiti cha waziri. Mkono wake ulielekezwa sakafuni mbele ya miguu yao, na wote walifuata, hakuna aliyeuliza. Mtu akionyeshwa kiti kwa adabu hukaa.

Nilisimama ukutani nikilia bila aibu. Laiti Waceke angekuwa pale, nilisema moyoni, aone mtu anayetaka kumfungia kwenye chumba cha bustani. Rachael aliponikaribia nikaanza kumwomba radhi, lakini akanikatiza.

"Mwache tu, mama yangu," akasema. "Hawa watu hunisumbua, wote wanataka kukaa nyuma. Leo wamekaa poa."

Ukumbi ulipojaa, Baba alinijia. Alinishika mkono akanipandisha ngazi hadi kwenye balkoni, mpaka safu ya mbele, katikati. Hapakuwa na mtu mwingine. Alitoa kitambaa mfukoni akakifuta kiti, akangoja nikae vizuri, kisha akainama na kuzungumza nami kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu chetu cha nyumbani.

"Hapa hukaa wakubwa, Maitu. Nimezungumza na bwana mkubwa, amesema mama yangu hatalipa. Najua Githunguri ni mbali na miguu inakuuma. Lakini niliapa hutakufa kabla ya kuona ninapofanya kazi. Picha ikiisha tutakwenda nyumbani, Njambi amekupikia. Umwone na mtoto."

"Mtoto gani?" nikauliza. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, ila mdomo ulitangulia.

"Wetu. Si nilikuletea habari? Ni msichana, Maitu. Tumempa jina lako."

Nyanya yangu Wanjiku alifariki nikiwa na miaka miwili. Aliishi Githunguri maisha yake yote, hakuwahi kufika Nairobi hata mara moja, na Baba alikuwa akisema hilo ndilo deni lake pekee duniani. Leo alikuwa amemleta. Samaki walikuwa wake, na mandazi yaliyokatwa vipande yalikuwa ya ufizi wake usio na meno, na mkono uliobanwa kwenye kila kivuko ulikuwa wake. Mabao yote niliyoyahesabu tangu asubuhi hayakuwa yangu. Wala asubuhi nyingine za Riruta, nilipokuwa nikiitwa Maitu na kujivuna kwamba Baba ananijua, sikuweza tena kusema zipi zilikuwa zangu na zipi za marehemu. Waceke alijua siku aliyompoteza Baba, kwa sababu Baba alilipoteza jina lake. Mimi sikuwa na jina la kupotezwa.

Niliumia. Nitasema na hili: nilimwonea wivu mwanamke aliyelala kaburini miaka arobaini.

Lakini Baba alikuwa ameinama vile, anangoja mama yake amwulize habari za mtoto, kama mama yeyote angeuliza. Nikamwuliza yukoje.

Alicheka kidogo kwa pua. "Ni mdogo, lakini ana hasira. Akikasirika anakunja ngumi hivi. Njambi anasema huyu hakuzaliwa, ameletwa kututawala. Nikitoka kazini usiku namkuta bado yuko macho, nambeba mimi, ndipo analala. Naona kama huwa ananingoja." Akatazama chini ukumbini kama anayehakikisha hatusikiki. "Nampenda sana, Maitu. Sijamwambia mtu. Watanicheka, mwanamume mzima."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Wanaume wa rika lake hawasemi. Aliniita Maitu, akaona inatosha, na mimi pia niliona inatosha. Nikamwambia atakayemcheka aje kwangu. Alifurahi, akateremka kuendelea na kazi.

Kwaya ilipoanza nikampigia Waceke. Alipokea akicheka, akaniuliza nataka kuku wangapi. Nikamwambia Baba amekumbuka kila mahali, hakuna hata mahali pamoja alipokosea. Kisha nikamwambia yaliyobaki. Nikamwambia na habari ya Dagoretti Corner, maana sasa niliielewa: hakuwa akipunga hewa, alikuwa amempelekea mama yake maziwa na kumngoja kituoni. Siku nyingine angepanda gari la Githunguri kumfuata, mimi nikiwa dukani napima maharagwe, na Mwanzia asiwepo.

Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Mimi ningesema. Waceke hakusema. Alilia, na kwa jinsi alivyolia nilijua kilio kile alikianza zamani, peke yake, siku zile nilipokuwa nikimwambia aje mara nyingi zaidi.

"Pole, Shiko," akasema.

"Njoo Jumamosi na gari," nikamwambia. "Nitamfungia vitu vyake mimi. Na uweke kitanda kingine kwenye chumba hicho, kuna siku nitalala huko."

Neno nililompa Baba nilikuwa nimelivunja, kwenye balkoni, katikati ya wimbo wa kusifu. Nilikaa nalo. Sikushuka, kwa sababu mtu aliyeletwa kutoka Githunguri kuonyeshwa kazi ya mwanawe hashuki kabla ya mwisho. Nilimtazama Baba kule chini akizunguka taratibu, akimwinamia huyu, akimsogeza yule, mpaka mchungaji akatoa baraka na watu wakaanza kukimbilia maofisini.

Akapanda kunichukua. Jasho lilikuwa kwenye paji la uso, tai haijasogea, na uso wake ulikuwa wa kijana.

"Umeona vizuri, Maitu?"

"Nimeona vizuri, mwanangu," nikamwambia.

Akanishika mkono, tukaanza kuteremka ngazi polepole, yeye mbele, akinionyesha mahali pa kukanyaga.